Koni ya Nta na Nondo

Karmravan, 22 Januari 1995

Mushegh, wamempasua mwanangu Garnik kichwa kwa nondo, wamemvunja mkono wa kulia, na bado koni hakuiachia!

Haya, sasa nikusalimu. Hujambo ndugu yangu? Maumivu yako yaje kwangu. Sisi wazima, uzima wa huku unaujua, umeme unakuja kama mgeni mwenye maringo na kabla hujamkaribisha kiti ameshaondoka. Ng'ombe amekauka. Theluji imefika dirishani. Siku ya Krismasi nilifagia kaburi la mkeo, nikawasha mshumaa, upepo ukauzima, nikauwasha tena. Nyumba yako bado imesimama. Mwanao Beno sijamtia machoni wiki hii.

Sasa sikiliza. Garnik alikuja nyumbani kutengeneza koni yake, kwa sababu huko maabara mjini hata wino unaganda. Mimi ndiye niliyempa sufuria kubwa la shaba la mama, lile la kupikia nyama ya nadhiri, na mimi ndiye niliyekesha na makaa ya tanuri la shimoni ili nta ipoe polepole, maana ikipoa kwa pupa inapasuka. Usidhani ni mshumaa. Ni koni nyeupe, kubwa kama mtoto wa miaka miwili, ina tundu katikati toka chini mpaka juu.

Kazi yake? Usicheke, mimi nimeielewa. Umewaona bata bwawani. Bata akienda polepole, mawimbi yanamtangulia. Akikimbia kuyashinda, mawimbi yanabanana nyuma yake yanakuwa mkia mmoja mkali. Basi ndani ya nta nuru inachoka, inapunguza mbio, ila zile chembe za umeme za mashine ya maabara yao mjini hazichoki. Zinapita kwenye tundu la koni, hata haziigusi nta, na nta inatoa nuru kwa kupitiwa tu. Si ya moto. Nuru hiyo ni ndugu wa redio, jicho haliioni, chombo ndicho kinaiona. Na siri yote iko kwenye umbo. Pembe ikiwa sawa, nuru inatoka mbele. Pembe ikikosea hata kwa unywele, inabaki ndani. Katika nchi nzima hii anayejua pembe hiyo ni nani? Ni mtoto wa Varsenik, mama aliyeishia darasa la saba.

Basi jioni alikuwa anaipeleka kwenye lori la unga, ameifunga blanketi, ameibeba mgongoni. Kwenye kona ya machimbo wakatoka watu watatu, nyuso zimefungwa vitambaa.

"Shusha nta!"

"Si nta hii, ni kazi!"

"Kazi yako itatuwashia nyumba. Shusha!"

Wewe unajua majira ya baridi haya mtu akionekana na nta nyeupe barabarani ni kama kabeba dhahabu. Mwingine angepiga magoti. Mwanangu alilala juu ya koni kama kuku juu ya mayai. Wakampiga nondo ya mkono, nikisema ya mkono jua mifupa ilisikika. Ya pili ikampasua kichwa, na ikamega ukingo wa koni. Hapo akalia, "Mama!" Yule mwenye nondo akaitupa chini, wakakimbia wote. Wameogopa jina langu hao!

Daktari hakuna, aliyemshona ni yule wa ng'ombe. Akasema hajawahi kukutana na fuvu gumu namna hii. Nikamwambia, humo ndani kumejaa hesabu, unategemea nini?

Damu ikiwa bado inachuruzika niliweka nadhiri, na Mungu alinisikia maana nilipiga kelele: nuru ikitoka kwenye hiyo koni, nachinja kondoo dume, na kila mtu wangu atakula.

Nondo yao iko chini ya kitanda changu. Garnik anasema hakumtambua yeyote.

Dada yako Varsenik, mama wa mwanasayansi

&nbsp;

Karibu na Saratov, 3 Machi 1995

Dada,

Salamu. Mimi mzima. Tunajenga mazizi ya ng'ombe, mawe ya huku ni mabovu, ukiyapiga yanakuwa unga. Msalimie Garnik kabla ya wote.

Barua yako niliisomea bandani. Nilipofika pale pa mkono wa kulia nilipiga ngumi ukuta, ukuta ni wa mbao, ukapasuka. Msimamizi akaja, "Nani atautengeneza?" Nikampa na yeye yake. Kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda, usiniulize.

Mkono ule nilioushika mimi kumfundisha kushika patasi! Marehemu shemeji alipokufa, nani alimbeba Garnik begani siku ya kwanza ya shule? Mimi. Nimesimama mbele ya banda zima nikaapa: mkono uliomvunja mpwa wangu nitauweka juu ya jiwe nami nitauvunja kwa mkono wangu huu. Wamesikia wote. Waarmenia wenzangu wamesikia, Warusi wamesikia.

Sasa dada, sitaki habari za ng'ombe. Nataka jina. Ni Torgom? Nasikia siku hizi ndiye mfalme wa mishumaa huko, na mimi namjua toka tunaiba zabibu pamoja. Yeye alikuwa anaiba zile tulizokwisha iba sisi. Kama ni vijana wake, niambie ni yupi aliyeshika nondo.

Na nondo yenyewe ikoje? Ya mviringo au ya pembe? Ina alama yoyote?

Huyo mwingine mwambie aondoe theluji paani kabla paa halijamwangukia.

Mushegh

&nbsp;

Karmravan, 20 Machi 1995

Mushegh mpendwa,

Hujambo? Ukuta umepona? Na msimamizi? Maumivu yako yaje kwangu, lakini ngumi zako baki nazo. Huku theluji imeanza kulia. Ng'ombe amezaa ndama jike, ana doa jeupe usoni kama marehemu baba mkwe wangu, hata kutafuna anatafuna kama yeye.

Garnik amefunguliwa bandeji ya kichwa. Mkono bado uko kwenye plasta na vidole vinavyochungulia ni kama vijiti vikavu. Mkuu wake wa kazi mjini ni mtu mwema lakini hana la kufanya. Amesema mito ikishajaza mabwawa ya umeme, mwezi wa nane, mashine itapewa umeme siku moja. Siku moja tu! Koni ikiwa tayari, zamu ni ya Garnik. Isipokuwa tayari, zamu anapewa mwingine, na kazi ya ujana wake wote inakwenda na maji. Nta nyingine hatuna, na ukingo umemegwa. Dawa ni kuichonga upya yote, iwe ndogo zaidi lakini kwa pembe ileile.

Basi juzi akajaribu kwa mkono wa kushoto.

"Mama, shika kiolezo cha pembe."

"Nimeshika."

"Usitetemeke."

"Anayetetemeka ni wewe."

Patasi ikateleza, pande lingine likaruka. Akarusha nyundo, ikaua kioo changu cha harusi. Nikampiga kofi, mtu wa miaka thelathini, msomi, kisha tukakaa chini wote wawili tukalia kama wajinga. Lakini hata kulia kwake kuna heshima. Alilia mgongo umenyooka.

Jina unalotaka sina. Ilikuwa jioni, walifunga vitambaa. Torgom nimemwuliza mwenyewe kwenye foleni ya mkate. Akatabasamu na yale meno yake ya dhahabu: "Varso dada yangu, mwanao kateleza tu, barabara ina barafu." Nilikuwa na viazisukari vyekundu kwenye mfuko. Nilimpiga navyo mpaka mfuko ukapasuka, watu wakatushika, wengine wakaokota viazi. Kwa hiyo sehemu yake ameshapata.

Huyo mwingine ana jina. Ulimpa mwenyewe kanisani: Beno. Ana miaka ishirini na mbili na hajapata barua yako hata moja tangu tumzike mama yake. Sasa anakaa kwangu. Uso wake una makovu kidogo, aliteleza. Theluji ya paa ameiondoa.

Varsenik

&nbsp;

Karibu na Saratov, 2 Mei 1995

Dada,

Salamu. Nimefukuzwa kazi ile, nimepata nyingine, tunachimba misingi. Kuna watu watatu walinicheka lafudhi. Wawili wanatembea.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara inazidi kunuka. Wewe, Varsenik, ambaye kuku akipotea unajua kaliwa na nani na kwa kiungo gani, eti jina huna? Nimekuuliza habari ya nondo, umenijibu habari ya ndama.

Amepita hapa dereva wa kwetu. Amesema kijiji kizima kinajua: ni genge la Torgom, na aliyeshika nondo ni mtu wa Karmravan hapo hapo. Alipofika kwenye jina akasema amesahau, akaondoka akaacha hata chai yake. Kwa nini mtu aniogope mimi kwa jina la mwizi?

Nimenunua kisu. Si cha kukatia mkate. Kina ncha kama neno la mama mkwe. Mwisho wa kiangazi kazi ikisimama nakuja, na mtu huyo nitauweka mkono wake juu ya jiwe kama nilivyoapa, na akifungua mdomo kisu kipo.

Mwambie Beno ajitayarishe. Tutakwenda pamoja. Angalau siku moja awe mwanamume, amlipie kisasi binamu yake.

Jina, dada. Usiponipa nitaanza na Torgom, kisha nitaingia nyumba kwa nyumba.

Mushegh

&nbsp;

Karmravan, 28 Mei 1995

Ndugu yangu,

Hujambo. Sisi wazima. Miti ya aprikoti imeshika matunda. Ndama anakua. Hizo ndizo salamu, leo sina nyingine.

Nondo ni ya pembe nane. Ina makovu mawili yaliyokatwa kwa patasi karibu na mwisho. Baba aliyakata siku alipokupa, ili mtu asiseme ni yake. Ni nondo yako ya machimboni, Mushegh.

Niliijua jioni ileile kabla damu haijaganda. Ndiyo maana ililala chini ya kitanda changu na si kwa polisi.

Kesho yake nilichukua kulabu ya tanuri, ile ya kutolea mikate, nikaenda nyumbani kwako. Jiko lilikuwa baridi. Beno amekaa karibu nalo na koti lake, mikono katikati ya magoti, na kwenye pindo la koti kuna vipande vyeupe vya nta. Sikumwuliza kitu. Nilimpiga mabegani, nikampiga mgongoni, nikampiga usoni mpaka kulabu ikapinda. Hakuinua mkono hata kujikinga.

"Piga, shangazi," akasema. "Sikujua ni yeye. Alikuwa na kofia na shali. Nilipomsikia anakuita ndipo nikaijua sauti."

"Na angekuwa mtoto wa mama mwingine, ungeendelea?"

Akainama, akaanza kubandua nta kwenye pindo la koti. Mushegh, jibu hilo lilinipiga mimi kuliko nilivyompiga yeye.

Nikamwambia, "Nani amekufundisha kumpiga mtu aliyelala?" Akafungua mdomo akanionyesha. Mbele, juu, hakuna meno mawili. Mimi niliambiwa aliyavunja machimboni. Akasema, "Haya ni ya siku baba alipoondoka. Nilimshika miguu asiende, mama anaumwa. Baba amenifundisha vitu viwili tu, shangazi, kuchonga mawe na kupiga. Mawe hakuna anayeyataka majira haya. Torgom anahitaji kupiga."

Umeniuliza mara tatu ni mkono wa nani. Ni mkono wako, ndugu yangu. Uliuacha huku ulipoondoka, umekua.

Nilimburuta kwa sikio mpaka kwangu, nikamsimamisha mbele ya kitanda cha Garnik. Garnik alikuwa anajua toka siku ile. Ameona macho juu ya kitambaa. Aliruka akampiga kwa plasta. Alimpiga na plasta mpaka ikapasuka na mfupa ukaachia tena, akapiga yowe yeye, mpigaji, na Beno amesimama tu, damu inamtoka puani. Kisha Garnik akakaa chini anahema.

"Mbwa wewe. Ungenipiga kichwa tena nisingesema. Kwa nini umepiga ukingo?"

"Ukingo gani?"

"Wa koni, ng'ombe! Mwezi mzima nimeuchonga!"

Wiki nyingi hawakusemeshana. Wanakula kwenye sahani zangu, kila mmoja anaangalia ukuta wake, na kijiko kikianguka wote wawili wanasimama wamekunja ngumi. Halafu siku ya Pasaka Beno akasimama mbele ya koni, akaizunguka kama unavyozunguka jiwe kabla ya kulipasua. Akasema, "Patasi ipashwe moto kidogo. Na isisukumwe, ivutwe." Garnik akamwangalia. "Ukikosea nakuua." Beno akasema, "Haya." Akaanza.

Tangu hapo anachonga. Garnik anahesabu, anashika kiolezo kwa kushoto, anatukana. Beno anavuta patasi, maganda ya nta yanadondoka kama maganda ya tufaha. Wamepigana tena mara mbili. Ya pili walivunja mlango wa banda. Lakini wakipigana wanaondoka kwanza karibu na koni.

Jana nilimwuliza Garnik, kwani pembe ikikosea ile nuru inakwenda wapi? Akasema, "Haiendi, mama. Imezaliwa ndani na haipati pa kutokea. Inagonga ukuta inarudi, inagonga ukuta inarudi, mpaka inaishia humohumo." Nikamwangalia Beno, nikakukumbuka wewe na ukuta wako wa mbao.

Sasa jina unalo. Kisu chako sijui utakifanyia nini.

Varsenik

&nbsp;

Karibu na Saratov, 9 Julai 1995

Dada,

Barua imefika.

Sikupiga kitu. Nilikwenda mtoni nikakaa, nikarudi, watu wakaniuliza kama nimefiwa.

Yale meno ni kweli. Alinishika miguu, lori linapiga honi, nikampiga teke. Nilisikia meno. Nikapanda lori. Mama yake alikuwa dirishani.

Barua nilianza kuandika nyingi. Unamwandikia nini mtu uliyemwacha anatema damu uwanjani? Mke wangu akafa nikasema barabara zimefungwa. Zilikuwa wazi.

Lakini niliapa, Varsenik. Watu wamesikia. Mimi si mtu wa kumeza kiapo, na unanijua: nikimwona Beno, na Garnik amesimama pembeni na mkono uliopinda, hasira itanishika kabla sijafungua mdomo. Nitampiga. Au nitampiga, au nitakuwa mtu aliyeapa bure. Njia ya tatu siioni.

Kwa hiyo siji. Ni salama kwenu. Mwambie Garnik mjomba wake anamwombea. Huyo mwingine, hapana.

Beno mwambie akumbuke kunoa patasi pande zote mbili.

Mushegh

&nbsp;

Karmravan, 20 Agosti 1995

Imetoka! Mushegh, nuru imetoka!

Hujambo, maumivu yako yaje kwangu, mimi mzima, ndama mzima, nitakusalimia vizuri huko chini, kwanza sikia.

Lakini nianze na Torgom, maana bila yeye hungeielewa siku yenyewe. Ilibaki kuchongwa ncha tu. Torgom akaja uwanjani kwangu na wanaume wawili, mchana kweupe, natandaza aprikoti juani.

"Nimemfuata kijana wangu. Beno, twende. Wewe unajua mambo yetu mengi mno, huwezi kukaa na wanawake."

Garnik akasema, "Haendi." Wakamsukuma, akaangukia mkono uleule. Beno akaingia ndani akatoka na nondo. Yako. Akainyanyua juu ya kichwa cha Torgom, na mimi nikakuona wewe, Mushegh, mzimamzima, mabega yako, shingo yako, mpaka mshipa wa kwenye paji. Meno ya dhahabu ya Torgom yote yalikuwa nje. Ningesema neno "Mungu wangu" angekuwa ameshakufa mtu. Nikapiga kelele, "Beno! Mkono huo una kazi kesho!"

Ukasimama hewani. Ukashuka. Akaiweka nondo chini polepole kama mtu anayelaza mtoto. Torgom akacheka, akamtandika ngumi ya mdomo, Beno akatema damu, akaweka mikono nyuma, akasema, "Kesho nina kazi."

Basi mimi kesho sikuwa na kazi. Nilimpiga mimi. Kulabu niliyoinyoosha ikapinda tena, safari hii kwa sababu nzuri. Majirani walipofika na majembe yao, na wanawake wa tanuri na makaa, wale wawili walikuwa wameruka ukuta na mfalme wa mishumaa anatafuta meno yake ndani ya aprikoti zangu. Hajarudi. Anauza viatu mjini, wanasema.

Sasa siku ya mashine. Wamenikataza kuingia kwenye chumba chenyewe, mlango wake ni mnene kama ukuta wa kanisa, lakini mkuu wa Garnik aliposikia ni sufuria langu akaniweka kwenye chumba cha vyombo, kwenye kiti. Kiti kizuri. Nilikuwa na lile gauni la bluu. Beno pembeni yangu, mdomo umevimba.

Kwanza Garnik aliweka kipande kingine cha nta, mche wa duara tu, bila ncha, ili alinganishe. Chembe zikapita. Mshale wa chombo umelala. Wakazima, wakaingia, wakaweka koni. Wakafunga. Garnik akaniambia, "Mama, usipumue." Mashine ikaanza kunguruma hadi kwenye fizi. Mshale ukatetemeka, ukalala. Nikasema basi, tumekwisha. Garnik akazungusha kitasa, akakisogeza kile chombo cha ndani kidogo, kidogo tena, mpaka kwenye pembe aliyoihesabu yeye miaka hiyo yote kwenye karatasi za kufungia samaki, na mshale ukaruka, Mushegh! Ukaruka ukagonga mwisho, tiki! ukabaki umekwama pale unatetemeka kama mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake.

Wasomi wazima wakapiga makofi. Mmoja alimbusu Garnik kwenye kovu. Mimi nilisema kwa sauti, ili wote wasikie, "Huyo nimemzaa mimi." Na Garnik akageuka, akamshika Beno shingoni kwa ule mkono uliopinda, nikadhani ataanza tena. Akamwambia, "Imepata mlango." Beno akalia kwa sauti ya ajabu, kwa lile pengo la meno, kila mtu akaangalia kwingine.

Sasa wewe na kiapo chako. Nisikilize, maana mimi ndiye mkubwa na mama alikuacha mikononi mwangu.

Umeapa kuuvunja mkono uliomvunja Garnik. Mkono huo ndio uliochonga koni. Ukiuvunja, umeivunja koni, na mpwa wako hatakusamehe, maana mjini wanataka koni nyingine tatu na wamemwomba Beno kwa jina. Hilo moja. La pili, kiapo chako ni cha mwezi wa tatu. Nadhiri yangu ni ya jioni ileile, damu bado ya moto. Niliahidi kondoo, na kila mtu wangu atakula. Kila mtu, si wote kasoro mmoja. Na wewe unajua sheria ya nyama ya nadhiri kuliko padri: haibaki mpaka kesho, haikataliwi na aliyeitwa, na aliyekula chumvi yake chungu kimoja na mwenzake hamwinulii mkono tena, akimwinulia, nadhiri inairudia nyumba. Nimemwuliza padri kama chumvi inafungua kiapo cha damu. Akasema, "Kwa Mushegh? Weka nyingi."

Kwa hiyo kondoo yuko kwenye kamba. Mnene, mkali, amenipiga pembe mara mbili, nimemwita jina lako. Wa kumchinja hayupo. Garnik mkono hauna nguvu, Beno nimemwambia asishike kisu siku hiyo. Mwanamume mkubwa wa nyumba hii ni wewe, na kisu chenye ncha unacho tayari. Kije. Koo la kondoo lipo, na ni hilo moja tu.

Ukiitafuta nondo yako hutaipata chini ya kitanda. Beno ameilaza juu ya mawe mawili, ndiyo itakayoning'iniza sufuria la mama. Utakapofika itakuwa juu ya moto, nyekundu katikati, hata wewe hutaweza kuishika. Itakubidi uende kwa mwanao mikono mitupu.

Kulia kwako atakaa Garnik, kushoto Beno. Nimeshapanga, usinihamishie watu. Mkuu wa Garnik anakuja na mkewe, wanawake wa tanuri wanakuja, daktari wa ng'ombe anakuja kuliona fuvu lake. Dereva nimeshamwambia akupitie, na nimemwambia ukikataa akuambie dada yako atakuja Saratov yeye mwenyewe, na kulabu.

Karamu ni Jumapili ya Msalaba Mtakatifu, tarehe 17 Septemba. Fika asubuhi, kabla padri hajaibariki chumvi.